Diski Isiyoogopa Ngazi

Mwanangu Nasra,

Salamu utazipata kwa mdomo ukirudi, kwa hiyo hapa naanza na jibu. Mwalimu Zuhura, aliyenisomesha Matemwe nikiwa mdogo kuliko ulivyo wewe sasa, alikuwa akitwambia: swali lijibiwe kwanza, mapambo yaje nyuma. Aliyeanza na mapambo alirudishiwa daftari lake. Nimebaki hivyo hivyo. Kila nikishika kalamu nahisi amesimama nyuma ya bega langu.

Jana uliniuliza, umesimama mlangoni na mikono umeikunja: "Mama, hiyo laptopu yako ya SSD itanifikisha mpaka nimalize chuo?"

Jibu ni ndiyo. Itakufikisha. Na bei yake siku hizi si ya watu wakubwa peke yao, la sivyo nisingekuwa nayo mimi.

Sasa mapambo.

Wewe na mjomba wako Haji mpo njiani mnaaga. Najua mlivyo: mtaanzia mtaa wa Malindi, mtapita Vuga, na kila nyumba mtakayoomba radhi mtapewa kitu cha kula, na mjomba wako hakatai sahani. Kwa hiyo nina nafasi mpaka Magharibi. Sitakuandikia habari za kula, kufua na kulala mapema. Hayo nimekusomesha kwa miaka, na kama hayakuingia, karatasi haitayaingiza. Naandika kwa sababu kuna jambo baina yetu halijakwisha, na kesho asubuhi unapanda boti.

Laptopu iko mezani. Umesema huitaki. Nimezungumza na Mselem, fundi aliyetuuzia, na amekubali kuipokea. Hafungi duka mpaka baada ya Isha. Ukimpelekea, atakupa pesa mkononi, na ukifika Dar es Salaam ukanunue ile mpya uliyoiona dukani Darajani, au nyengine kama hiyo. Sitakasirika. Nataka tu uamue ukiwa unajua ninachokijua mimi, kwa sababu jana hatukuzungumza, tulirushiana maneno.

"Imekwanguka!" ulisema.

"Imekwanguka mgongoni. Wewe utaandika kwa mgongo?"

"Mama, wenzangu wote wanakwenda na mpya. Mimi nnakwenda na iliyokwisha tumiwa na mtu. Na ile ya dukani ina nafasi mara nne ya hii. Mara nne! Bado imo kwenye nailoni yake."

Hapo mjomba wako, aliyekuja kula maandazi tu, akaona na yeye achangie. "Na mimi nimesikia hizo SSD ni kama sabuni. Kila ukiitumia inapungua. Siku unatia mkono, sabuni hakuna, limebaki povu."

"Kaka Haji, kula maandazi."

"Nnakula. Lakini nnasema kweli."

Ukamtazama mjomba wako, ukanitazama mimi, ukaingia chumbani. Nikajua maneno ya sabuni yamekuingia kuliko yangu yote.

Basi tuanze na ile ya dukani. Nailoni yake ni mpya, lakini ndani yake mna diski ya zamani. Mna sahani inayozunguka kwa kasi, na sindano inayopita juu yake karibu sana bila ya kuigusa. Ndiyo maana ukiweka sikio unasikia inavuma. Imetufaa sana, siikashifu, na kwa pesa ile ile inakupa nafasi kubwa kweli. Hii niliyokununulia, yenye hiyo SSD, haina sahani wala sindano. Ni vipande vidogo vilivyotulia, kama flashi unayochomeka, ila kubwa zaidi na iliyotengenezwa kwa kazi ngumu zaidi. Hakuna kinachozunguka, kwa hiyo hakuna kinachogongana.

Ungeniuliza kwa nini jambo hilo moja kwangu ni kubwa kuliko nafasi mara nne, ningekwambia: kwa sababu ya ngazi zetu. Unazijua. Mbao, nyembamba, zimesimama kama ukuta, na kamba ya kushikia. Lakini kuna sehemu ya habari hii huijui, kwa sababu siku ile ulikuwa na miaka saba.

Unakumbuka kwamba hata wakati ule nilikuwa napiga picha za harusi za wanawake. Tangu hapo ndiyo kazi iliyotulisha. Unajua vile vile masharti yake: mlangoni simu zote zinaingia kikapuni, ndani kamera ni moja tu, yangu. Wanawake wanavua mabaibui, wanacheza, wanacheka kwa meno yote, kwa sababu wananiamini kwamba hakuna mwanamme atakayewaona. Amana hiyo haiandikwi popote. Ukiivunja mara moja, mji mzima unajua kabla hujafika nyumbani, na kazi imekwisha.

Kwa hiyo mimi, nikitaka kuaminiwa kuliko wengine, nilijitungia desturi. Sherehe ikimalizika, nilikuwa nahamisha picha kutoka kwenye kadi ya kamera kwenda kwenye laptopu pale pale ukumbini au nyumbani kwa bibi harusi. Kisha nilikuwa namwita mzee wa nyumba, namwonesha kadi, naifuta mbele ya macho yake. "Umeona, Bi Fulani? Zimebaki hapa tu, kwangu. Hakuna nyengine duniani." Wazee walikuwa wakifurahi sana. Mmoja alinibusu mkono. Na mimi nilikuwa nikirudi nyumbani nimejaa fahari, nimebeba furaha ya ukoo mzima mahali pamoja, juu ya sahani inayozunguka.

Siku ya harusi ya Sabra nilifanya hivyo hivyo. Sabra alilelewa na bibi yake, Bi Moza, mwanamke wa Malindi ambaye watu walikuwa wakinyoosha mgongo akiingia. Siku hiyo Bi Moza aliinuka akacheza lelemama pamoja na wazee wenziwe wawili. Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Nilipiga picha mpaka kidole kikaniuma. Nikahamisha, nikamwita, nikaifuta kadi mbele yake.

Nyumbani niliketi chini mlangoni kwa jirani, nikaifungua laptopu nimwoneshe picha moja ya mapambo ya kiti, isiyo na mtu. Nilipomaliza sikuizima. Niliipakata mikononi ikiwa wazi, inafanya kazi, kama mtu aliyebeba sinia, nikaanza kupanda. Nilikuwa nimefika karibu na juu uliponisikia. Ulikuja mbio, ukanikumbatia kiunoni, ukaning'inia kwenye baibui langu.

Laptopu ikanitoka, ila haikuanguka mbali. Vidato viwili. Haikuvunjika hata kioo. Lakini tangu hapo ilikuwa ikigonga ndani, tik, tik, tik, kama mjusi ukutani, na picha hazikufunguka.

Nasra, najua umebeba jambo hili. Hujalisema hata siku moja, lakini nakuona. Ndani ya nyumba hii wewe peke yako ndiye unayeizima kompyuta kisha ukasimama ukingoja mpaka kitaa kizimike kabisa ndipo uiguse. Mtoto hafanyi hivyo bila ya sababu. Nilipaswa kukwambia zamani, nakwambia leo: haikuwa wewe. Mtoto kumkimbilia mama yake mlangoni si ajali. Ndivyo nyumba inavyotakiwa iwe. Diski inayokufa kwa sababu mtoto amemkumbatia mama yake ni diski isiyofaa kwa nyumba yenye mtoto, basi. Mimi ndiye niliyeichagua, mimi ndiye niliyeipandisha ngazi ikizunguka, na mimi ndiye niliyeifuta kadi.

Niliipeleka kwa Mselem. Wakati ule duka lake lilikuwa dirisha tu. Akaiweka sikioni, akatikisa kichwa. "Bi Khadija, sindano imegusa sahani. Kuna watu Dar wana chumba kisicho na vumbi cha kuifungulia. Nikupelekee?"

"Wakiifungua, wataziona picha?"

"Watajuaje kama zimetoka bila ya kuziona?"

"Ni wanaume?"

Mselem akanitazama kama nimemuuliza bahari ina maji. Nikachukua diski yangu nikaondoka.

Kwa wiki kadhaa nikawa namwambia Sabra kwa simu kwamba picha bado nazisafisha. Kila nikisema hivyo sauti yangu ilikuwa nyepesi, na kila nikikata simu nilikuwa siwezi kula. Ukitaka nikupe jambo moja nililolipata kwa shida maishani, ni hili: habari mbaya haichachi kwa kusemwa, inachacha kwa kukaa. Mwisho nikafunga baibui langu nikaenda kwa Bi Moza mwenyewe.

Nilimkuta ameketi kwenye busati, anajitengenezea tambuu.

"Shikamoo, Bi Moza."

"Marahaba. Umekuja na picha, au umekuja na uso huo tu?"

"Nimekuja na uso, Bi Moza."

Nikamweleza. Nilipofika kwenye habari ya kuipeleka Dar, akainua kidole.

"Hao mafundi watamuona Sabra kichwa wazi?"

"Watamuona."

"Na mimi nnavyocheza?"

"Na wewe."

"Basi na ife." Akakunja jani lake, akalitia mdomoni, akatafuna taratibu. "Tangu kufariki babu yake Sabra mimi sijainuka kucheza. Watu wameniomba, nimekataa. Siku moja nimeinuka, siku moja tu, na wewe ukaenda kuniangusha ngazini!"

Nikaanza kulia. Yeye akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akauliza, sasa kwa upole:

"Hukuweka nyengine?"

"Nilikuahidi hakuna nyengine, Bi Moza. Niliifuta mbele yako."

"Mimi nlikwambia usiwape watu. Sikukwambia usinitunzie."

Nimeyarudia maneno hayo moyoni mara nyingi kuliko niwezavyo kusema. Miaka yote ile nilidhani kuficha na kutunza ni kitu kimoja. Nilidhani kitu kikiwa kimoja tu ndipo kinakuwa salama. Lakini akiba haivunji siri. Unaweza kuwa na nakala mbili, zote mbili zimefungwa kwa neno la siri, na sitara ya watu ikabaki vile vile. Nilichokuwa nakifanya mbele ya wazee hakikuwa kutunza amana. Kilikuwa kuionesha.

Sabra alininyamazia kwa muda mrefu, na alikuwa na haki. Harusi yake haikurudi. Lakini Bi Moza siku ile aliponisindikiza mlangoni aliniambia: "Bibi harusi keshakwenda kwa mumewe, huyo simrudishi. Mimi nipo. Njoo Alhamisi na kamera yako, na mtoto wako umlete."

Na tukaenda. Hili labda unalikumbuka kidogo: chumba chenye mazulia mekundu, wazee watatu waliovaa vizuri mchana kweupe bila ya harusi yoyote. Bi Moza alivaa gauni lile lile. Wewe ulipewa kazi ya kupiga makofi, ukayapiga nje ya mdundo, na Bi Moza akasema, "Huyu mtoto ana ngoma yake mwenyewe, mwacheni." Alicheza kidogo, akasimama, akashika goti. "Magoti mabovu haya, kwa hiyo usinambie nirudie." Hapo nikapiga picha. Anacheka, mkono mmoja kwenye goti, mwengine hewani.

Kadi ile sikuifuta mbele yake. Yeye ndiye aliyenizuia mkono.

Tangu siku hiyo kanuni yangu ni nakala mbili, nyumba mbili. Moja hapa, moja kwa mama mdogo wako Mwaka, Matemwe, ndani ya bati la biskuti, ndani ya sanduku lake la nguo. Mwaka hajui neno la siri, na hana hata kompyuta ya kuichomekea. Kwa kazi hiyo ya kukaa kimya sandukuni, ile diski ya kuzunguka inafaa kabisa. Ina nafasi kubwa, bei yake ndogo, na Mwaka haendi nayo popote. Kila kitu kina mahali pake. Sahani inayozunguka mahali pake ni pale isipobebwa.

SSD sikuipata mara moja. Mselem alinionesha ya kwanza muda mfupi baadaye, na aliponitajia bei nilidhani ananitajia bei ya laptopu nzima. Na yeye mwenyewe hakuwa akiziamini. "Hizi za matajiri, Bi Khadija. Tena zikifa hazisemi." Nikangoja. Kila mwaka nilikuwa nauliza, na kila mwaka bei ilikuwa imeshuka kidogo, na Mselem imani yake imepanda kidogo. Siku ilipofika bei niliyoweza kuibeba bila ya kukosa kulala, nikanunua ndogo. Akaitia kwenye laptopu yangu ile ile ya zamani. Nasra, ilikuwa kama mtu aliyetolewa jiwe kiatuni. Zamani nilikuwa naiwasha, naenda kuchemsha chai, narudi bado inafikiri. Sasa inaniuliza nataka nini kabla sijaketi vizuri.

Halafu nayo ikaanguka. Ungetarajia nini, kwa mama uliyenaye? Tulikuwa tunarudi harusini Matemwe, nimepakiwa kwenye vespa ya mjomba wako, mkoba begani. Alikwepa mbuzi, mkoba ukaruka ukapiga mwamba wa pembeni. Hii yangu ya sasa unayoiona ina kona iliyobonyea na kioo kilichobadilishwa ndiyo hiyo hiyo. Mjomba wako alikuwa amepauka kwa hofu kuliko mimi. Nikaketi chini pale pale njiani nikaiwasha. Kioo kilikuwa na ufa kama mto kwenye ramani, lakini nyuma ya ufa picha zilikuwepo zote, bibi harusi na kiti chake na shangazi zake. Mwulize habari hiyo leo, umuulize kama ilikuwa povu.

Kuhusu sabuni yenyewe: mjomba wako hakusema uongo, ila kapima vibaya. Ni kweli SSD huchakaa kwa kuandikwa, yaani kila ukihifadhi kitu ndani yake. Kuna programu inayoonesha afya yake, na Mselem ameifungua mbele yangu kwenye diski yangu, iliyobeba harusi baada ya harusi, picha nzito zinaingia na kutoka kila wiki. Imepungua kidogo sana. Wewe utaandika insha, utaweka vitabu, utatazama tamthilia zako ukidhani sijui. Kwa matumizi hayo laptopu itakuchosha kwa betri na bawaba kabla diski yake haijachoka. Hii niliyokupa tumeikagua hivyo hivyo, na diski yake ni mpya, nimeona ikitolewa kwenye boksi.

Sitaki pia utoke hapa ukidhani haifi. Nilishawahi kununua moja ya bei ya kutupa, haina jina linalojulikana, kwa mtu aliyekuwa akiuza mezani kando ya njia. Ilinifanyia kazi kwa miezi, kisha asubuhi moja kompyuta haikuiona tena. Haikugonga, haikuvuma, haikuniaga. Hapo nikamkumbuka Mselem: zikifa hazisemi. Ile ya kuzunguka mara nyingi hulalamika kwanza, na fundi mwenye chumba chake huweza kukutolea kitu. Hii ikinyamaza, imenyamaza. Lakini siku ile sikulia hata kidogo. Nilitia baibui langu, nikaenda Matemwe, nikala pweza kwa Mwaka, nikarudi na bati la biskuti. Nilichopoteza ni bei ya diski tu. Ndipo nilipojua kwamba nimekua.

Basi kudumu, mwanangu, nimekuja kuelewa maana yake hivi: kitu hakidumu kwa sababu hakiwezi kufa. Kinadumu kwa sababu kinaendana na maisha ya aliye nacho, na kwa sababu mwenye nacho hakukitwisha peke yake mzigo wote. Maisha yako yatakuwa ya kupanda na kushuka. Bwenini utalala kitanda cha juu, utaibeba laptopu darasani, maktaba, kwa rafiki, kwenye basi, utaifunga kwa haraka na kuitia mkobani ikiwa bado macho. Utaishi kama kijana. Sitaki uishi kama uliyebeba sinia.

Na ile nafasi mara nne? Ndani ya mkoba wa laptopu kuna diski ndogo ya nje, ya kuzunguka, kubwa kuliko utakavyojaza. Nimeinunua kwa kile kilichobaki baada ya kuacha kununua nailoni mpya. Iache kwenye kabati lako, ifungiwe, isitoke. Kila Ijumaa ukimaliza kuoga, hamisha kazi zako. Hiyo ndiyo amri pekee katika barua hii, na nimejizuia sana kufikia moja.

Nimekuwekea pia picha. Si za wateja, hizo hazitoki kwangu. Ni zetu: wewe na baba yako Mwenyezi Mungu amrehemu, mjomba wako na mbuzi aliyemkwepa, maana baadaye alirudi kumpiga picha, sijui kwa nini. Na ile ya Bi Moza mwenye mkono kwenye goti. Nilikwenda juzi kumuomba ruhusa. Alisema, "Huyo mpiga makofi? Mpe. Akiwa na huzuni huko bara anitazame. Lakini wanaume wasinione, mwambie magoti yangu si ya kila mtu." Kwa hiyo ukiamua kuirudisha laptopu kwa Mselem, nakuomba uzihamishe picha kwenye diski ya nje na uzifute kwenye laptopu kwanza. Amana ni amana.

Hayo ndiyo ninayoyajua. Uamuzi ni wako, na nasema kweli. Nasikia sauti yako chini. "Mama! Nirushie ufunguo!" Nauteremsha kwa kikapu. Nitamalizia baadaye.

*

Naongeza baada ya Isha, kwa kalamu nyengine, ile mjomba wako ameondoka nayo mfukoni.

Ulipanda mbio kama kawaida yako. Mimi nilikuwa jikoni, barua imo kifuani mwangu, nangoja mpate maji kwanza ndipo nikupe. Mjomba wako akasema hawezi kula tena maisha yake yote, akaomba maandazi. Wewe ukaenda mezani. Nilikuona kupitia upenyo wa pazia. Uliifungua laptopu, ukaiwasha, nadhani ulitaka kutazama mara ya mwisho kabla ya kumpelekea Mselem. Iliwaka mara moja, ukarudisha kichwa nyuma kidogo. Ukaikuta picha ya Bi Moza.

Ukatia mkono mdomoni ukacheka peke yako. Kisha ukapiga makofi mawili, pole pole, ukisikiliza. Nje ya mdundo bado, mwanangu.

Uliizima. Ukasimama unangoja mpaka kitaa kizimike. Kwa SSD hakuna haja ya kungoja vile, lakini sikukukatiza, mkono wako una adabu yake. Ukaizungushia kanga yangu ya bluu bila ya kuniomba, ukaitia begini, katikati ya nguo zako.

Mselem keshafunga duka.

Kwa hiyo barua hii haina tena wa kumshawishi. Naitia kwenye mkoba, pembeni ya diski ya nje, utaikuta ukifika. Isome juu ya kitanda chako cha juu, na ikikuponyoka mkononi, na ianguke.

Mwaka ataendelea kunitunzia za wateja. Lakini zetu sisi, za nyumba hii, nitaziondoa kwenye bati la biskuti la Matemwe. Nakala moja inabaki hapa kwangu, nyengine kesho inapanda boti. Kuanzia asubuhi, Nasra, nyumba yangu ya pili ni wewe.

Mama yako,
Khadija